ANAYEOGOPA MTEREMKO ASICHEKWE

Msafiri yeyote aliyewahi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya au Songea kwa basi anakijua kimya cha Kitonga. Basi huondoka Mikumi, likapita katika milima ya Iyovi na kufuata bonde la Ruaha, abiria wakizungumza habari za nyumbani na za kazini, na wengine wakinunua vitunguu pale Ruaha Mbuyuni. Lakini injini inapoanza kunguruma kwa gia nzito, jabali likasimama upande mmoja wa barabara na korongo likafunguka upande wa pili, mazungumzo hufifia yenyewe. Wazee hushika kiti kilicho mbele yao. Kina mama huwavuta watoto karibu. Kwa anayetoka Iringa, ambaye huteremka mahali hapo badala ya kupanda, kimya hicho huwa kizito zaidi. Mara nyingi hutokea mmoja akapaza sauti: "Dereva, taratibu!" Na mara nyingi zaidi hutokea wengine wakamcheka.

Tunaandika leo juu ya kicheko hicho. Tunaandika kwa sababu tunaamini kwamba kina hatari kubwa kuliko woga wenyewe unaochekwa, na kwamba mtu anayeingiwa na hofu katika barabara ya mlimani, awe abiria au awe ameshika usukani, hana upungufu wa moyo. Ameyasoma sawasawa yaliyo mbele yake. Wahenga walikwisha kutuonya: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo tuliikariri sote shuleni, na walimu miongoni mwetu bado wanaifundisha. Ajabu ni kwamba tukishaingia ndani ya gari tunaisahau, tukamshangilia shujaa na kumtia haya mwoga.

Jambo hili linawahusu watumishi wa umma na walimu kuliko watu wengi wengine. Hao ndio wanaohamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, wanaoitwa kwenye semina, wanaokwenda kusahihisha mitihani, wanaokagua miradi na shule, na wanaorudi makwao likizo zinapofika. Mwalimu aliyekulia katika tambarare za Rufiji anaweza kupangiwa kazi Lushoto, akajikuta katika barabara ile ya kilomita zipatazo 33 kutoka Mombo, inayopinda na kujipinda kupitia Soni, huku ukuta wa milima ya Usambara ukiwa begani mwake na bonde likiwa chini ya dirisha lake. Hakuna chuo kilichomwandaa kwa safari hiyo. Wala si Lushoto peke yake. Iko Sekenke kwa watu wa Singida na Igunga. Iko Nyang'oro kati ya Iringa na Dodoma. Iko miteremko ya Mbeya, Iwambi na Igawilo. Iko Rhotia kwa wanaokwenda Karatu. Ardhi yetu huanza usawa wa bahari pale Dar es Salaam, na mjini Iringa imekwisha kupanda zaidi ya mita 1,500. Atakayeitembea nchi hii hana budi kupanda, na aliyepanda hana budi kuteremka.

Hatusemi kwamba barabara hizi zingalikuwa bora zisijengwe. Barabara ya kwenda Zambia ina historia ambayo haifai kusahauliwa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru wao ili waendelee kuwakandamiza Waafrika walio wengi, na Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake, ikajikuta njia yake ya kusini imo mikononi mwa adui. Mafuta ya Zambia yakapitishwa Dar es Salaam, yakabebwa kwa malori katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo: vumbi wakati wa kiangazi, matope na utelezi wakati wa masika. Wageni waliipa jina la njia ya Jehanamu. Malori yalipinduka, madereva wakafa, na bado mapipa ya mafuta yalifika. Bomba la mafuta lilipoanza kazi mwaka 1968, barabara ya lami ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ujenzi wa reli ya TAZARA ulipomalizika mwaka 1975, mzigo ule ulipungua. Lakini milima ilibaki pale pale, na magari yameongezeka mara nyingi sana kuliko wakati ule.

Madereva wa miaka ile wanasifiwa kwa ushujaa, na sifa hiyo ni haki yao. Hata hivyo ni makosa kudhani kwamba waliofika salama walifika kwa kutokuogopa. Dereva wa lori la mafuta katika utelezi wa mlimani hawezi kuwa mtu asiyejua hatari. Alitembea na utingo aliyekuwa tayari kuruka chini na kusukumia gogo nyuma ya gurudumu. Alisimama kabla ya mteremko akasikiliza breki zake. Alikwenda kwa mwendo wa mtu anayebeba yai. Hiyo ndiyo hofu iliyofanywa kuwa ufundi, na ufundi huo ndio tunaoupoteza tunapowafundisha vijana kuona haya.

Hebu tuangalie hasa ni kitu gani ambacho moyo wa abiria huhisi pale mteremko unapoanza, ijapokuwa yeye mwenyewe huenda asiweze kukieleza. Sheria zinazotumika katika nchi za Afrika Mashariki zinaruhusu gari kubwa la mizigo lenye ekseli za kutosha kufikia uzito wa tani 56. Chukua gari la namna hiyo linaloteremka mlima ambao kimo chake, kutoka juu hadi chini, ni mita 500. Mwalimu wa fizikia atapiga hesabu mara moja: nguvu ambayo gari hilo linaiachia katika kuteremka, ikigeuzwa yote kuwa joto, inatosha kuchemsha maji yanayojaza mapipa manne makubwa ya lita 200 na kubakisha. Joto hilo lazima liende mahali fulani. Sehemu huchukuliwa na upepo, na sehemu huchukuliwa na injini ikiwa gia ni nzito. Yote yanayosalia yanaingia katika breki, yaani katika vipande vya vyuma na vifaa vya msuguano vilivyomo ndani ya magurudumu.

Breki hazina uwezo usio na mwisho. Zikikanyagwa kwa muda mrefu hupata moto; zikipata moto kupita kiasi hupoteza ukali wa kukamata. Ngoma za breki hutanuka kwa joto, na vile viatu vinavyosukumwa kuzikamata vikalazimika kwenda mbali zaidi ili kuzifikia. Katika magari madogo yanayotumia mafuta ya breki, mafuta hayo yanaweza kuchemka. Mvuke ukiingia ndani ya mirija, pedali huzama hadi chini bila gari kusikia amri. Katika magari makubwa yenye breki za upepo, dereva anayekanyaga na kuachia, akakanyaga na kuachia, humaliza upepo uliomo katika mitungi haraka kuliko injini inavyoweza kuujaza. Harufu ya kuungua ambayo abiria huisikia mlimani, na ambayo huambiwa kuwa ni jambo la kawaida, ndiyo barua ya mwisho ambayo breki humwandikia dereva kabla hazijanyamaza.

Dawa yake inajulikana, na haihitaji fedha za kigeni. Gari literemke kwa gia nzito, kama ile ambayo lingetumia kupanda mlima huo huo, au nzito zaidi likiwa limesheheni. Katika gia hiyo injini hugeuka kuwa breki, nayo haichoki. Gia hiyo ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza, wakati gari bado liko katika mamlaka ya dereva, kwani gari likisha kushika kasi si rahisi kulirudisha katika gia nzito. Breki zitumike kwa vipindi, kwa mkanyago wa kutosha unaopunguza mwendo, kisha ziachiwe zipoe. Na gari kamwe lisiwekwe huru mteremkoni. Dereva anayeliweka gari huru kwa kudhani anaokoa mafuta anajidanganya mara mbili. Kwanza, ameitupa breki iliyo bora kuliko zote alizo nazo. Pili, katika injini nyingi za siku hizi, gari linaloteremka likiwa katika gia bila kukanyagwa mafuta hukata mafuta lenyewe, hali lile lililowekwa huru linaendelea kuyanywa ili injini isizime.

Wapo miongoni mwa wasomaji wetu wanaoendesha magari yao wenyewe, na wengi wao wana magari ya otomatiki yaliyotoka Japani. Wengi wameyaendesha miaka mingi bila kugusa alama nyingine isipokuwa ile ya kwenda mbele. Zile alama za L, 2, S au B zilizopo pembeni hazikuwekwa kwa urembo. Aghalabu ndizo gia nzito za gari hilo, na mahali pake ni Kitonga na Soni. Asiyejua alama ya gari lake aulize kabla ya safari. Kuuliza si ujinga.

Hapa hatuna budi kuwa wakweli kwa upande wa pili pia. Woga usiofundishwa nao unaweza kuua. Dereva mgeni wa mlima, akiingiwa na hofu, hutenda karibu yote yanayopaswa kutotendwa. Huuweka mguu juu ya breki kutoka kileleni hadi bondeni, na hivyo huziunguza breki zile zile anazozitegemea. Hulitazama korongo, na mkono wake ukaanza kufuata jicho lake. Hukimbia ukingo kwa kuingia katikati ya barabara, mahali ambapo lori linalopanda linamngojea nyuma ya kona. Akipigiwa honi na aliye nyuma, huongeza mwendo kwa kuona haya. Akizidiwa kabisa, husimama palepale konani.

Mtu wa namna hiyo hasaidiwi kwa kuambiwa awe jasiri. Anasaidiwa kwa kupewa kazi ya kufanya. Ajue kuwa atapumzika kabla ya mteremko, si katikati yake. Atazame mbele, mwisho wa barabara anayoiona, auache ukingo uwe ukingo. Ashike upande wake. Akiona msururu umejipanga nyuma yake, atafute mahali pa wazi, atoe ishara, asimame nje ya barabara na awapishe. Hakuna medali inayotolewa kwa aliyetangulia kufika Ilula. Asipite gari jingine kwenye kona hata kama lori lililo mbele linatambaa kama kinyonga. Akiweza, asafiri mchana, kwa sababu ukungu na giza huficha hata kile ambacho woga ungemwonyesha. Na kama bado moyo unakataa, ampe usukani aliyezoea, au apande basi. Mtu anayekiri kwamba mlima huu hauwezi kwa leo ametoa uamuzi wa kiutu uzima.

Sasa tuje kwenye kiini cha neno letu. Maarifa haya tuliyoyataja si siri. Madereva wengi wa serikali na wa mabasi wanayajua kuliko sisi tunaoandika. Kwa nini basi hayatumiki kila siku? Jibu letu ni kwamba ndani ya magari yetu mna ukubwa na mna haya, na vitu viwili hivyo humziba mdomo yule anayejua.

Chukua mfano wa ofisi. Mkubwa amepanga kikao Iringa saa nane mchana. Anaondoka Dar es Salaam saa mbili asubuhi, baada ya kupitia ofisini kutia saini barua mbili tatu. Safari hiyo ni ya kilomita zipatazo 500, na muda uliobaki ni saa sita. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kugawa: ni zaidi ya kilomita 83 kwa saa, bila kusimama kunywa maji, bila msongamano wa Kibaha, bila vijiji ambamo mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50, bila wanyama wa Mikumi na bila Kitonga. Kikao hicho hakiwezi kufikiwa kwa wakati na gari linaloheshimu sheria. Mkubwa hakusema neno "kimbia". Hakuwa na haja. Alitazama saa yake mara mbili, akaguna, na dereva akajibu: "Sawa, mzee." Gari likipinduka, taarifa itaandikwa kwamba dereva alikuwa katika mwendo wa kasi, na itakuwa kweli. Lakini aliyeukanyaga mguu ule hakuwa dereva peke yake. Alisaidiwa na yule aliyepanga ratiba.

Dereva huyo ana watoto. Mkubwa aliyeketi nyuma yake ndiye atakayejaza fomu ya utendaji wake na ndiye atakayeamua ni nani atakayekwenda safari ijayo na kupata posho. Kumtaka mtu katika hali hiyo aseme, "Mzee, breki zimepata moto, tusimame nusu saa," ni kumtaka ahatarishe kazi yake. Baadhi yao husema, nao tunawapa heshima zetu. Lakini usalama wa watumishi wa umma hauwezi kujengwa juu ya ushujaa wa mtu aliye chini. Ni wajibu wa aliye juu kulisema mwanzoni mwa safari, kwa maneno yanayosikika: "Ndugu, mlimani wewe ndiye mkubwa. Ukisema tusimame, tutasimama." Sentensi hiyo haigharimu senti moja. Tunaamini yako magari ambamo haijapata kutamkwa.

Jambo la shule ni zito zaidi, kwa kuwa mtoto hawezi kukataa safari. Tarehe 6 Mei 2017, basi lililowabeba wanafunzi wa shule moja ya msingi ya Arusha waliokuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa kujipima pamoja na wenzao, lilitumbukia katika korongo huko Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu wao wawili na dereva. Watoto watatu tu walitolewa wakiwa hai. Taifa zima lililia. Hatuandiki hapa ili kumhukumu yeyote, na waliofariki wametangulia mbele ya haki. Tunaandika kwa sababu kila mwaka walimu wanaendelea kuwapakia watoto katika mabasi, kwenda kwenye mitihani, michezo, mbuga za wanyama na mahafali, na njia nyingi kati ya hizo zina mteremko. Katika basi la namna hiyo mwalimu ndiye mzazi wa wote. Mtoto akisema anaogopa, hana mtu mwingine wa kumwambia.

Kwa hiyo mwalimu anayo haki, tena wajibu, wa kuuliza kabla ya safari: gari hili limekaguliwa lini? Dereva huyu amewahi kuteremka mlima huu akiwa na gari lililojaa? Amelala usiku wa jana? Idadi ya watoto inalingana na viti? Mvua ikinyesha, tutasimama wapi? Na asiporidhika na majibu, anayo haki ya kusema kwamba safari haitakwenda. Mtihani unaweza kurudiwa. Wazazi watanung'unika juma moja na kusahau. Mwalimu mkuu anayemkaripia mwalimu wa zamu kwa kuahirisha safari ya namna hiyo hajui anakaripia nini.

Iko methali nyingine ambayo hatuna budi kuikataa hadharani, nayo ni ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo inafaa kumfariji aliyefiwa. Haifai kuwa sera. Mteremko haukuhama usiku ukaja mahali usipotarajiwa. Upo pale tangu barabara ilipochimbwa, na kila mtu anaujua kwa jina. Mwezi Juni 2025, huko Iwambi, Mbeya, watu 28 walipoteza maisha baada ya lori kushindwa breki mteremkoni na kuyagonga magari mengine. Mlima ni ule ule, namna ya ajali ni ile ile, na sababu ni ile ile iliyoelezwa katika masomo ya fizikia ya sekondari. Kitu kinachojirudia mahali pale pale kwa sababu ile ile kina kinga. Kinachokosekana ni wa kuiweka.

Kinga hiyo ina sehemu ya mamlaka. Kila mteremko mrefu unastahili kuwa na kituo cha lazima juu yake, ambapo magari makubwa yatasimama, breki zikaguzwe na zipoe, na dereva achague gia kabla ya kushuka. Unastahili vibao vinavyosema wazi mteremko una urefu gani na ukali gani, si picha tu ya gari lililoinama. Na pale inapowezekana, unastahili ile njia ya pembeni inayopanda, iliyojazwa kokoto nene, ambamo gari lililokosa breki huingia, magurudumu yakazama na gari likasimama bila kumgonga mtu. Nchi nyingi zenye milima huzijenga njia hizo. Aidha, mafunzo ya udereva yaangaliwe upya. Leo mtu anaweza kufundishwa katika tambarare za Dar es Salaam, akapata leseni bila kuteremka hata kilima kimoja, na kesho yake akaelekea Lushoto akiwa na familia nzima. Leseni yake ni halali, lakini mlima hausomi leseni.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kilomita 80 kwa saa kuwa kikomo cha mabasi na magari mazito. Kikomo hicho ni dari, si agizo. Dereva anayejitetea kwamba alikuwa hajavuka 80 katika kona za mlimani amejihukumu mwenyewe. Na kwa kuwa tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, abiria wengi sasa wanaipita milima hii wakiwa usingizini, bila hata ule woga wa kuwaamsha. Wajibu wa dereva na wa wakaguzi umeongezeka kwa kiasi hicho hicho.

Tunajua watakaosema kwamba tunataka nchi isimame. Watasema mizigo ya Zambia, Malawi na Kongo haingoji, na uchumi hauendi kwa gia ya kwanza. Tunawauliza: lori moja likilala Kitonga, barabara hufungwa kwa saa ngapi? Ni magari mangapi hujipanga juu na chini, na ni tani ngapi za mizigo hukaa juani? Dakika arobaini za kuteremka polepole ni akiba. Wengine watasema kwamba kelele za abiria humchanganya dereva, na hilo lina ukweli. Anayepiga mayowe konani hamsaidii mtu. Abiria aseme mapema, pale basi linaposimama kabla ya mlima, aseme kwa adabu, na aseme na wenzake ili isiwe sauti ya mtu mmoja. Amwambie kondakta. Akipuuzwa, iko namba ya dharura ya Polisi, 112, nayo ni ya kila mwananchi.

Tunamalizia kwa ombi lililo wazi kwa wakuu wa idara na walimu wakuu. Kabla ya likizo ijayo, iandikwe karatasi moja na kubandikwa pale zinapotolewa funguo za magari. Iseme mambo manne. Safari yenye mlima ipangiwe muda unaogawika kwa mwendo halali. Gari likaguliwe breki kabla ya kuondoka, na aliyekagua atie saini. Dereva awe na mamlaka ya kusimama, na asiulizwe sababu hadi safari iishe. Na yeyote aliyemo ndani ya gari, kuanzia mkurugenzi hadi mtoto wa darasa la kwanza, akisema kwamba anaogopa, mwendo upunguzwe kwanza, na mazungumzo yafuate baadaye.